Watu Wasio na Majina Walioileta Maikrowevu Jikoni, na Somo Lililopotea Njiani

Karibu kila nyumba ya mjini yenye maikrowevu ina mtu mmoja ambaye akishabonyeza kitufe cha kuanzia, anatoka jikoni mbio. Anasimama sebuleni, anasikilizia mlio, ndipo anarudi kuchukua msosi wake. Ukimuuliza anakimbia nini, jibu ni moja tu: mionzi.

Sasa cheki kinachofuata. Mtu huyohuyo anatoa kikombe cha maji kilichokuwa humo ndani, hata sekunde kumi hasubiri, anatumbukiza kijiko cha kahawa. Hapo ndipo pa kuogopa, na hapo ndipo hana wasiwasi kabisa.

Hiyo haimaanishi kwamba huyo mtu ni mjinga. Ni kwamba mashine hii ilipoanza kuingia majumbani huko ilikotoka, iliingia pamoja na mwalimu. Ilipofika Sinza, Mbagala na Kahama, iliingia na boksi tu. Katikati ya safari hiyo kuna watu kibao ambao historia haikuandika majina yao, na karibu kila mmoja ameacha somo ambalo lingefaa kubandikwa ukutani jikoni.

MPAGAZI WA STESHENI

Mwaka 1940 Uingereza ilikuwa kwenye vita, na ndege za Wajerumani zilikuwa zinaisumbua vibaya. Mwezi Februari mwaka huo, wanasayansi wawili wa Chuo Kikuu cha Birmingham, John Randall na Harry Boot, waliwasha kifaa kidogo cha shaba kinachoitwa magnetroni. Kifaa chenyewe kilitosha kushikwa mkononi, lakini kilitoa mawimbi mafupi ya redio yenye nguvu ambayo hayajawahi kuonekana. Kwa mawimbi hayo, rada ndogo ingeweza kufungwa kwenye ndege na kumuona adui usiku wa giza.

Tatizo ni kwamba Uingereza haikuwa na uwezo wa kuzitengeneza kwa wingi. Serikali ikaamua kupeleka siri hiyo Marekani. Magnetroni ikawekwa kwenye sanduku la chuma la kuhifadhia nyaraka, akakabidhiwa mwanasayansi kijana aitoe London mpaka bandarini.

Hapo ndipo mambo yakawa kama filamu ya vichekesho. Dereva wa teksi aligoma kuingiza sanduku ndani ya gari, likafungwa juu ya paa. Kufika stesheni ya Euston, mpagazi mmoja akalidaka, akalitupia begani na kutokomea kwenye umati. Yule mwanasayansi akabaki anamfukuzia huku roho iko mkononi, kwa sababu siri kubwa ya vita ilikuwa inayoyoma kwenye bega la mtu asiyemjua.

Mpagazi alifikisha mzigo. Alichokibeba hakukijua, na jina lake stori haikulihifadhi. Mwisho wa Agosti sanduku lilikuwa kwenye meli kuelekea Amerika. Ile magnetroni ndiyo bibi wa kila maikrowevu iliyoko jikoni leo. Mpaka sasa, kitu kinachopasha ubwabwa ni magnetroni.

JAMAA ALIYELIPUKIWA NA YAI

Moja ya kampuni za Marekani zilizopewa kazi ya kutengeneza magnetroni ilikuwa Raytheon, kule Massachusetts. Humo kulikuwa na fundi mmoja mwenye jina kubwa kwenye historia hii, Percy Spencer. Alizaliwa mwaka 1894 jimbo la Maine, akakulia kwa shangazi yake, na shule aliiacha akiwa bado mtoto ili akafanye kazi kiwandani. Mambo ya redio alijifunza akiwa jeshi la majini, kwa kujisomea vitabu usiku wakati wa zamu ya ulinzi. Cheti hana, lakini mainjinia wenye digrii walikuwa wanamfuata kumuuliza.

Stori inayosimuliwa miaka yote ni kwamba siku moja alisimama karibu na magnetroni inayofanya kazi, akashtuka chokoleti iliyokuwa mfukoni imeyeyuka. Kuna wengine walikuwa wameshahisi joto la vifaa hivyo kabla yake. Tofauti ni kwamba wao walipita zao, yeye akatuma mtu alete mahindi ya bisi. Akayaweka karibu na magnetroni, yakaanza kurukaruka chumba kizima.

Kesho yake likaja yai. Likawekwa kwenye chombo, mawimbi yakaelekezwa humo. Yai likaanza kutetemeka. Mfanyakazi mwenzake mmoja akashindwa kujizuia, akasogeza uso achungulie vizuri. Paaa! Ute na kiini vyote usoni.

Huyo jamaa hana jina kwenye stori. Anatajwa kama mwenzake tu. Lakini ndiye mtu wa kwanza anayejulikana kuumbuliwa na maikrowevu, na somo lake bado halijazeeka. Maji yaliyo ndani ya chakula yanapopata moto yanakuwa mvuke, na mvuke unataka njia. Kama kuna ganda au ngozi inayoziba, unajikusanya mpaka unapasua. Ndiyo maana yai zima haliingizwi humo hata kidogo, hata lile lililokwisha kuchemshwa na kumenywa, kwa sababu linaweza kutulia likiwa ndani kisha likapasuka mtu anapoling'ata. Soseji, kiazi kizima, maini na nyanya vinatobolewa kwa uma kwanza. Bakuli lenye mfuniko linaachiwa upenyo.

Raytheon iliomba hataza mwaka 1945. Inasimuliwa kwamba Spencer mwenyewe aliambulia dola 2, ile zawadi ya kawaida ambayo kampuni ilikuwa inampa mfanyakazi kwa kila uvumbuzi. Kwa waliozoea kulia na mikataba ya kazi, hiyo si stori ngeni.

WANAWAKE WALIOKUJA NA MASHINE

Maikrowevu ya kwanza kuuzwa ilitoka mwaka 1947, ikaitwa Radarange. Jina lilipatikana kwenye shindano la wafanyakazi, na mshindi naye kamezwa na historia. Usifikirie kale kaboksi ka juu ya kabati. Lilikuwa dude lenye urefu wa karibu mita 1.8, uzito wa kilo zipatazo 340, na lilihitaji bomba la maji ili lisiunguze mtambo wake. Walionunua walikuwa wenye hoteli, meli na treni.

Mwaka 1955 kampuni ya Tappan ilileta ya nyumbani kwa dola 1,295, bei ambayo mfanyakazi wa kawaida aliisikia tu. Mlango ulifunguka mwaka 1967, pale Amana, kampuni iliyokuwa imeshanunuliwa na Raytheon, ilipoleta ndogo ya kuweka juu ya meza kwa dola 495.

Lakini Amana walijua kitu. Walijua kwamba mama wa nyumbani hawezi kuamini boksi lisilo na moto wala waya mwekundu, halafu linachemsha maji. Kwa hiyo pamoja na mashine waliajiri wanawake waliosomea mambo ya mapishi. Ukinunua, mmoja wao anafika nyumbani, anasimama na wewe jikoni, mnapika pamoja mlo wa kwanza. Ukikwama, unapiga simu.

Majina ya hao wanawake hayako kwenye vitabu vya uvumbuzi. Wakati mafundi waliiunda mashine, wao ndio walioifundisha nchi nzima kuitumia. Na ukijua jinsi inavyofanya kazi, utaelewa kwa nini mwalimu alihitajika.

Mawimbi ya maikrowevu yanazichezesha molekuli za maji zilizo kwenye chakula, yakibadilika mwelekeo mabilioni ya mara kwa sekunde. Mchezo huo ndio joto. Yanaingia sentimita chache tu kutoka nje, kisha joto linasambaa lenyewe kwenda ndani, kwa hiyo ile ya kusema inaivisha kuanzia ndani ni stori za vijiweni. Halafu, yakigonga kuta za chuma yanarudi na kukutana yenyewe kwa yenyewe. Pengine yanaongezeana nguvu, pengine yanafutana. Matokeo yake ndani ya boksi kunakuwa na sehemu za moto mkali na sehemu za ubaridi, zikiwa zimepishana sentimita chache. Ndiyo maana Wajapani wa Sharp mwaka 1966 walileta sahani ya kuzunguka, ili chakula kipitepite kwenye sehemu zote.

Sahani inasaidia, haimalizi. Yeyote aliyewahi kung'ata sambusa ya moto pembeni na barafu katikati anaelewa. Dawa yake ni ileile ya mwaka 1967: katikati ya muda, simamisha, koroga au geuza, endelea, kisha acha chakula kitulie dakika moja au mbili kabla ya kula ili joto lijisambaze.

Kwa maziwa ya mtoto, hilo si suala la ladha. Chupa inaweza kuwa vuguvugu ukiishika nje, huku ndani kuna sehemu inayounguza koo la kichanga. Wataalamu wa afya wanasema maziwa ya mtoto yasipashwe kwenye maikrowevu. Chupa inatumbukizwa kwenye bakuli la maji ya moto, basi.

Na kiporo? Nyama na mchuzi vinapashwa mpaka vitoe mvuke kila upande, nyuzi 74 kwa wenye kipimajoto. Lakini wali ulioachwa mezani tangu jana mchana, maikrowevu haiwezi kuuokoa. Kuna bakteria wa wali ambao mbegu zao zinavumilia kupikwa, na sumu wanayoacha haiondoki kwa kupashwa. Wali unaotakiwa kuwa kiporo unaingia friji mapema.

NENO MOJA LILILOZUA HOFU

Hofu ya mionzi nayo haikuanzia kwenye magrupu ya WhatsApp. Ilianzia hukohuko Marekani. Maikrowevu zilipoanza kuingia majumbani, watu wakauliza swali la haki kabisa: kama mawimbi yanaivisha nyama ya ng'ombe, yakivuja hayataivisha nyama ya mtu? Mwaka 1968 Marekani ilipitisha sheria ya kudhibiti mionzi kutoka kwenye vifaa vya umeme. Viwango vya maikrowevu vikaanza kutumika Oktoba 1971.

Viwango hivyo ndivyo vilivyoutengeneza mlango unaouona leo. Kile kiwavu chenye matundu madogo kwenye kioo si urembo. Wimbi lina urefu wa sentimita 12 hivi, matundu ni kama milimita moja au mbili, kwa hiyo mwanga unapita na wewe unaona chakula, lakini wimbi haliwezi kupenya. Kwenye komeo kuna swichi zaidi ya moja, ili moja ikifa nyingine ikate mtambo mlango unapofunguliwa. Na uvujaji ukawekewa kikomo cha miliwati 5 kwa kila sentimita ya mraba, ukipima sentimita 5 tu kutoka kwenye mashine. Ukirudi nyuma hatua moja, unabaki kiasi kidogo sana.

Miaka hiyo ya 1970 migahawa ya Marekani ilibandika matangazo ya kuwatahadharisha wenye vifaa vya kusaidia moyo, maana vifaa vya wakati huo havikuwa na kinga nzuri. Baadaye vikawekewa kinga, matangazo yakaondoka, lakini hofu ikabaki.

Kwa Waswahili kuna kitu kingine kimeikoleza: neno lenyewe. Mionzi ya jua ni mionzi. Ya eksirei ni mionzi. Ya bomu la nyuklia ni mionzi. Na ya maikrowevu nayo ni mionzi. Neno moja limebeba vitu ambavyo havifanani. Mionzi ya eksirei na nyuklia ina nguvu ya kung'oa vipande vya atomi, ndiyo maana inaweza kuharibu chembe za mwili. Ya maikrowevu iko upande wa redio na waifai. Inachoweza kufanya ni kupasha moto, na kupasha kunaumiza kama ikivuja kwa nguvu, ndiyo maana mlango ni muhimu. Lakini haibaki kwenye chakula. Mtambo ukizima, mawimbi yameisha, sawasawa na taa ukiizima: hakuna mwanga unaobaki umeganda kwenye ukuta.

Na ile meseji inayozunguka kila mwaka kwamba Urusi ilipiga marufuku maikrowevu mwaka 1976? Ni uzushi. Muungano wa Kisovieti wenyewe ulitengeneza maikrowevu na kuwauzia raia wake, na kiwanda cha magari cha ZIL kilikuwa mojawapo ya watengenezaji.

BOKSI LILIPOTUA BONGO

Tatizo la Bongo ni kwamba mwalimu hakupanda meli. Kijitabu kilikuja, kikatupwa na boksi. Nyingine zimekuja zikiwa zimeshatumika, hazina hata hicho kijitabu. Kwa hiyo kila nyumba imejiundia sheria zake, na nyingi zinalinda kisicho na hatari huku zikiacha wazi chenye hatari.

Anza na mlango. Anayenunua iliyotumika asihangaike kwanza na mng'ao. Aangalie mlango unafunga sawasawa, bawaba hazijalegea, kioo na kiwavu havijapasuka wala kushika kutu, na mashine inazima palepale mlango unapofunguliwa. Kimoja kikigoma, aiache hapohapo dukani hata kama bei ni ya kutupwa. Pia asome volti nyuma. Iliyotoka Japani au Marekani imetengenezewa volti 100 hadi 120, na ukutani Bongo kuna 230.

Halafu kitambaa. Mama wengi wana kitambaa cha kufuma, kizuri kinoma, kimefunika maikrowevu mpaka pembeni na juu yake kuna maua. Pembeni na nyuma ndiko mashine inakopumulia. Ikizibwa, joto linabaki ndani na umri wake unafupishwa. Kitambaa kikae juu ya televisheni, maikrowevu iachiwe nafasi.

Umeme nao: maikrowevu iliyoandikwa wati 700 za kupikia inaweza kuvuta zaidi ya wati 1,000 ukutani. Kuichomeka kwenye ekstensheni nyembamba pamoja na friji na chaja tatu ni kutafuta moto. Ipewe soketi yake. Kwa wanaohesabu Luku, dakika tano za mashine hiyo ni kama sehemu moja ya kumi ya yuniti, kwa hiyo si yenyewe inayomaliza umeme.

Vyombo ndiyo sehemu wengi wanapopata aibu. Sahani za kabatini zenye mstari wa dhahabu, zile za wageni, mstari huo ni chuma na utatoa cheche. Chipsi zilizofungwa kwenye foili, foili inatoka kwanza. Hotipoti ina chuma ndani, haiingii. Kopo la siagi au la aiskrimu halikutengenezwa kwa joto, linaweza kulegea na kuachia kemikali kwenye chakula. Kioo cha kuhimili joto, udongo usio na urembo wa chuma, au plastiki iliyoandikwa wazi kwamba inafaa, hivyo ndivyo vya kutumia. Na isiwashwe tupu. Bila kitu cha kunyonya mawimbi, nguvu inaweza kurudi na kuumiza magnetroni.

Sasa kile kikombe cha mwanzo. Maji yakipashwa kwenye kikombe kisafi, laini, yanaweza kupita kiwango cha kuchemka bila kutoa hata povu moja. Yanaonekana yametulia. Ukitikisa kikombe au ukitumbukiza kahawa, yote yanachemka kwa mpigo na kuruka usoni. Kinga ni rahisi: usizidishe muda, weka kijiti au kijiko cha mbao ndani kabla ya kuwasha, na kikishalia subiri kidogo kabla ya kukigusa.

Usafi ni suala la bakuli la maji na vipande vya limao. Dakika tatu, acha mlango umefungwa dakika nyingine mbili tatu, kisha futa na kitambaa laini. Mafuta yaliyokauka yanaweza kuungua na kutoa cheche. Pale pembeni ndani kuna kikaratasi kigumu cha kahawia au kijivu. Si takataka. Kinalinda mlango wa mawimbi, kisibanduliwe.

Chakula kikishika moto humo ndani, mlango haufunguliwi. Zima, chomoa, acha moto ujifie kwa kukosa hewa. Na ikiharibika, fundi wa redio wa mtaani asiifungue kwa kubahatisha. Ndani kuna kapasita inayoshika umeme wa zaidi ya volti 2,000, na inaweza kuendelea kuushika hata baada ya plagi kuchomolewa. Hapo kuna watu wamepoteza maisha kwa mashine iliyozimwa.

WA MWISHO ASIYE NA JINA

Yupo mmoja amebaki. Ni dada wa kazi. Nyumba nyingi, yeye ndiye anayeitumia maikrowevu kuliko mwenye nayo. Anapasha chakula cha watoto, anapasha cha bosi aliyechelewa foleni, anaifuta kila jioni. Wengi wao walifika kutoka kijijini wakakuta limekaa pale, wakaambiwa maneno mawili: "bonyeza hapa." Wengine wakaambiwa wasiiguse kabisa mpaka siku wageni walipojaa, wakatumwa wapashe fasta. Sahani ya dhahabu ikatoa cheche, na lawama zikawa zao.

Mwaka 1967 mwanamke wa Amerika aliyenunua mashine hii alipewa mtu wa kusimama naye jikoni mpaka aelewe. Dada wa kazi hajapewa hata dakika kumi, na mkono utakaoungua ni wake, au wa mtoto aliyempakata.

Dakika kumi zinatosha. Mlango, vyombo, yai, maji, maziwa ya mtoto, moto ukitokea. Mwenye nyumba asimame naye, wapashe pamoja sahani moja, amuoneshe, kisha amuache ajaribu mwenyewe. Baada ya hapo hakuna haja ya mtu yeyote kukimbilia sebuleni.